Henry Leland: Mzee aliyetaka kila spea iingie bila kulazimishwa

Hebu fikiria unamiliki gari la mwaka 1907. Si picha ukutani, ni gari lenyewe, limekaa gereji na pistoni imepasuka. Unaanzia wapi? Ukishuka Grogan uulize spea yake watadhani umelewa. Wauzaji wa ex-Japan watakucheka hadi watoe machozi.

Jibu linategemea jina lililo kwenye gari. Kama ni mojawapo ya magari mengi ya enzi hizo, pole sana. Fundi alikuwa anachukua kipande cha chuma, anakisugua kwa tupa kidogo kidogo hadi kinaingia kwenye gari lile moja lililo mbele yake. Basi. Ukitoa pistoni kwenye gari pacha, lililotoka kiwanda kile kile wiki ile ile, ukijaribu kuiweka kwako inakataa. Lakini kama gari lako ni Cadillac ya silinda moja, zile zilizoundwa Detroit, Marekani kuanzia 1902, una matumaini. Spea orijino kutoka kwa mkweche mwingine wa modeli yako ina nafasi nzuri ya kuingia. Wa kushukuru ni mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na roho ngumu, Henry Leland.

Leland alizaliwa 1843 huko Barton, jimbo la Vermont, kwa familia ya wakulima. Usitarajie hadithi ya digrii. Akiwa kijana alikuwa tayari kiwandani Worcester, Massachusetts, akijifunza kuunda mashine za kufuma vitambaa. (Sisi tulioacha chuo katikati tushaanza kumpenda.) Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alitaka kujiunga na jeshi, lakini umri ulimkatalia. Akaenda kuunda bunduki kwenye kiwanda cha serikali cha Springfield.

Hapo ndipo kila kitu kinaanzia, kwa hivyo usiruke. Askari ambaye kifyatulio cha bunduki yake kimevunjika vitani hana muda wa kungoja fundi aje na tupa. Anahitaji kuchukua kifyatulio cha bunduki nyingine, akipachike, aendelee. Ili hilo liwezekane, kila kipande lazima kitoke kiwandani na kipimo kile kile. Si karibu sawa. Sawa kabisa. Leland alibeba wazo hilo akaenda nalo kwa Colt, wale wa bastola, halafu kwa Brown & Sharpe, kampuni ya Providence iliyosifika kwa vifaa vya kupimia. Huko aliunda cherehani, na pia alihusika na mashine ya mkono ya kunyoa nywele. Kwa hivyo ukikaa kwa kinyozi kesho, jua mzee huyu aligusa hadi kichwa chako.

Alihamia Detroit 1890 akiwa na miaka 47, akafungua karakana na wenzake. Walikata gia, wakaunda injini za boti. Kisha Ransom Olds, aliyekuwa akiuza magari ya Oldsmobile kwa wingi, akamwagiza injini. Ndugu wawili wa Dodge nao walikuwa wakimuundia Olds injini kwa mchoro ule ule. Sasa angalia: injini za Leland zilitoa nguvu zaidi. Mchoro mmoja, tofauti ni vipimo tu. Vyuma vya Leland vilikaa vizuri zaidi, havikupoteza nguvu kwa kusuguana. Mzee akaiboresha injini ile zaidi, akampelekea Olds, na Olds akaikataa kwa sababu kubadilisha gari kungemchelewesha.

Mwaka 1902 kampuni ya Henry Ford (si hii unayoijua, ni ile aliyokuwa nayo kabla yake) ilikuwa imekwama na Ford mwenyewe ameshaondoka, baada ya kukosana na wenye pesa na kukerwa na huyu Leland waliyemleta kumsaidia. Wenye pesa wakamwita Leland awapimie thamani ya mitambo waiuze. Badala ya kuwaambia bei, aliwaonyesha injini ile aliyoikataa Olds na kuwashawishi waendelee. Kampuni ikabadilishwa jina, ikaitwa Cadillac.

Gari lenyewe usilifananishe na zile ndefu za wanamuziki. Lilikuwa na silinda moja, gia mbili za kwenda mbele na mnyororo wa kuzungusha magurudumu ya nyuma. Kwa ufupi ni nduthi yenye viti vya sebuleni, ila pistoni yake ilikuwa na upana wa karibu sentimita 13. Lakini kila kipande kilipimwa.

Ulaya hawakuamini. Waliona magari ya Marekani ni bei rahisi na takataka. Frederick Bennett, aliyekuwa akiuza Cadillac London, akaamua kuyapeleka mbele ya klabu ya Royal Automobile Club, Uingereza. Mwishoni mwa Februari 1908, magari matatu yaliyochaguliwa kutoka stoo yalipelekwa uwanja wa mbio wa Brooklands, yakaendeshwa kidogo, halafu yakafunguliwa yote. Yote! Kila moja lilikuwa na vipande zaidi ya 700. Vikachanganywa hadi hakuna aliyejua kipi kimetoka wapi. Waamuzi wakaondoa vipande 89, na mahali pake vikawekwa vipya kutoka kwa stoo ya muuzaji, ili mtu asiseme magari yaliandaliwa.

Kisha mafundi wakaambiwa wayaunganishe. Spana na bisibisi tu, tupa ni marufuku. Magari yalitoka na rangi za kuchekesha, hapa hivi, pale vile. Yakawashwa. Yakaendeshwa maili 500 kila moja, kilomita 800 hivi. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha urudi mpaka Makindu. Cadillac ikapewa kombe la Dewar, na si wengi tena waliocheka.

Usidanganyike lakini kwamba leo kazi ni rahisi. Zaidi ya miaka 100 imepita na kila gari limechakaa kivyake, kwa hivyo hata spea orijino lazima uipime kabla ya kuifunga. Silinda imevikwa koti la shaba nyekundu la kuzuilia maji ya kupoza, na koti hilo likitoboka hulipati dukani. Wenye magari haya hutafuta kwa wenzao, au kwenye soko la kila Oktoba kule Hershey, Pennsylvania, ambako watu hutandaza vyuma vya kale chini kama mitumba ya Gikomba. Wakikosa, wanachonga kipya kwa kupima cha zamani. Na hapo tena mzee anawasaidia: kipande kimoja kizima cha kupimia kinatosha kuwahudumia wengi.

General Motors ilinunua Cadillac 1909 ikamwachia usukani. Inasimuliwa kwamba kifo cha rafiki yake Byron Carter, aliyejeruhiwa na hendeli ya kuwashia gari, kilimuuma sana. Cadillac za 1912 zilikuja na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na kombe la Dewar likarudi kwao mara ya pili.

Kilichofuata kinaniuma hata mimi. Mwaka 1917, akiwa na miaka 74, alikosana na William Durant wa General Motors kuhusu injini za ndege za vita, akatoka na mwanawe Wilfred. Wakaanzisha kampuni mpya waliyoiita Lincoln, jina la rais aliyempigia kura yake ya kwanza 1864. Vita vilipoisha wakageukia magari. Mzee alikataa kuachilia gari ambalo vipimo vyake havijamridhisha, wateja wakangoja, uchumi ukadorora, kodi ikabisha hodi. Mnunuzi aliyejitokeza 1922 na dola milioni 8 alikuwa nani? Henry Ford. Miezi michache baadaye baba na mwana walikuwa nje. Kama hiyo ilikuwa kisasi au biashara tu, amua mwenyewe.

Leland alifariki Detroit mwaka 1932 akiwa na miaka 89, na hakuna hata moja kati ya kampuni zake mbili iliyokuwa mkononi mwake.

Bennett yeye aliendelea kuishi. Mwaka 1903 alikuwa ameingia mashindano ya maili 1,000 Uingereza na Cadillac ya silinda moja. Mwaka 1953, akiwa mzee, alirudia safari hiyo kwa gari lile lile.