Emil Fischer, kijana aliyeshindwa na biashara ya mbao akaifungua sukari

Huko Beni na Butembo, muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa mbele ya kuanikwa na kusagwa unga wa bugali. Kila mama anajua kwamba ukiharakisha, chakula kinaweza kuleta kizunguzungu na kutapika, hata kifo. Sumu ya muhogo imefungwa kwa sukari iitwayo glukosi. Na aliyeeleza vizuri namna vifungo vya aina hiyo vinavyofungwa na kufunguliwa ni Mjerumani Emil Fischer.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 mjini Euskirchen, karibu na Bonn. Baba yake, mfanyabiashara, alimtia katika biashara ya mbao. Kijana alishindwa kabisa, mzee akaona afadhali arudi masomoni. Alipata udaktari Strasbourg mwaka 1874. Mwaka uliofuata akagundua fenilihidrazini, dawa iliyomsaidia kutofautisha sukari zinazofanana, lakini iliyomharibia afya pia.

Taabu ya glukosi ni kwamba molekuli yake ina mikono 5 inayokaribia kufanana. Utashika vipi mmoja bila kugusa mingine? Mwaka 1893 Fischer aliichanganya na methanoli pamoja na asidi: mkono mmoja tu ukabadilika. Mwaka 1895 akatumia asetoni, ambayo hufunga mikono miwili miwili na kuacha mmoja huru. Wanakemia wangali wanafanya hivyo, kama fundi anayefunika vioo mbele ya kupaka ukuta rangi.

Katikati ya hayo, mwaka 1894, aliona kwamba chachu inafungua kifungo cha namna moja, na kimeng'enya cha lozi chungu kinafungua cha namna ingine. Akalinganisha jambo hilo na kufuli na ufunguo wake. Kifungo cha muhogo ni cha namna hii ya pili. Unapolowekwa na kulainika, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinaifikia sumu na kuikata, nayo sianidi inatoka na maji na hewa.

Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Nyumbani hakukuwa na raha: mke wake Agnes alifariki mwaka 1895, akamwachia wavulana 3, na 2 kati yao walikufa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Fischer mwenyewe, akiwa na kansa, alikufa Berlin tarehe 15 Julai 1919. Mwana aliyebaki, Hermann, naye akawa mwanakemia wa sukari, akafundisha Kanada na Marekani.