Fridtjof Nansen: Balozi Aliyewapatia Wakimbizi Karatasi

Katika toleo hili la kumbukumbu tunamkumbuka mzee Fridtjof Nansen wa Norwei, aliyefariki tarehe 13 Mei 1930. Sisi sote twajua taabu ya mtu asiye na karatasi mbele ya askari wa mpakani. Nansen aliishughulikia taabu hiyo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na mji unaoitwa leo Oslo. Jina lake lilianza kuvuma kwa safari za barafuni. Mwaka 1888, yeye na wenzake watano walivuka Greenland. Norwei ilipojitenga na Uswidi mwaka 1905, aliingia katika mambo ya nchi za nje, na tangu 1906 hadi 1908 aliiwakilisha nchi yake mjini London.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Kufikia 1922, zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamerudi.

Mwaka 1921 aliteuliwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi. Serikali yao mpya iliwavua uraia wengi waliokimbia, hivyo hawakuwa na pasi wala nchi ya kuwasemea. Nansen hakuwa na jeshi wala fedha za kutosha. Alichokuwa nacho ni jina la kuaminika na subira ya kuzungumza na serikali moja moja. Julai 1922, mjini Geneva, serikali zilikubali cheti kilichokuja kuitwa pasi ya Nansen. Mwaka 1924 Waarmenia nao walianza kupewa, na hatimaye zaidi ya serikali 50 ziliitambua. Mwaka huohuo wa 1922 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata hivyo, pasi hiyo haikuwa uraia, na mwanzoni haikumhakikishia mtu kurudi katika nchi iliyoitoa. Tena Nansen aliunga mkono mpango wa 1923 wa Ugiriki na Uturuki kubadilishana raia, ambao uliwaondoa makwao zaidi ya watu milioni moja bila hiari yao. Hayo nayo yakumbukwe.

Lakini mlango alioufungua haukufungwa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi kuwapa hati za kusafiria wakimbizi wanaokaa humo kihalali.

Kwa hiyo Kamati inawaomba wazazi waandikishe kila mtoto anayezaliwa na kutunza vyeti vya familia. Nao wenzetu wa ofisini wakumbuke kwamba karatasi moja inaweza kuwa ndiyo nchi pekee aliyobaki nayo mtu.