Rwagasore: Mwana wa Mwami Aliyeanzia Dukani

Askari anayepangiwa zamu ya ulinzi pale Vugizo, juu ya kilima kinachoukabili mji wa Bujumbura, huuona mji wote umetandazwa chini yake: mabati ya Buyenzi na Bwiza, bandari, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo. Nyuma yake yapo matao na kaburi. Aliyelazwa hapo ni Louis Rwagasore, Shujaa wa Uhuru wa Burundi, na kila tarehe 13 Oktoba mashada ya maua huwekwa kaburini pake, bendera zikipepea na majeshi yakitoa heshima.

Lakini tumeona mara nyingi kwamba mtu anayeheshimiwa sana huwa ndiye asiyejulikana vema. Vijana wengi waliovaa sare hivi leo wanajua namna Rwagasore alivyouawa. Namna alivyoishi hawaijui sana, ilhali ndiko kuliko na mambo ya kustaajabisha. Huyu alikuwa mtu asiyekosa kitu, naye akakitamani kitu ambacho hakuna aliyemwagiza akitafute. Tumependa leo kuyasimulia maisha yake kwa upande huo.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne Bangiricenge, na mama yake Thérèse Kanyonga. Mwambutsa mwenyewe alikuwa ameurithi ufalme mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, wakati Wajerumani walipokuwa wakikaribia kuondoka na Wabelgiji wakikaribia kuingia. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa nchi, na tangu hapo Mwami alibaki na ngoma, Mzungu akashika rungu. Machifu waliteuliwa na kufukuzwa kwa idhini ya wakoloni, kodi ilikusanywa kwa amri yao, na mwananchi akilalamika aliambiwa kwamba hayo ndiyo maagizo ya Mwami wake. Mtoto Louis alikulia katika nyumba yenye heshima zote za ufalme, ambayo ilikuwa na uwezo mdogo mno wa kutawala. Nadhani kila askari aliyewahi kukabidhiwa cheo bila madaraka ya cheo hicho anaielewa hali hiyo.

Alisomeshwa katika Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, huko Rwanda. Shule hiyo iliendeshwa na watawa wa Kikatoliki, na kazi yake ilikuwa kuwaandaa wana wa machifu na wasaidizi wa serikali ya kikoloni: makarani, waganga wasaidizi, wataalamu wa mifugo. Kutoka huko alipelekwa Ubelgiji, akasoma katika chuo cha mambo ya makoloni mjini Antwerp. Hatuna haja ya kumpamba kwa sifa zisizo zake. Hakurudi na sifa ya mwanachuoni. Alirudi katikati ya miaka ya 1950 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mchangamfu, akitazamiwa na kila mtu kufanya lile ambalo wana wa wafalme hufanya, yaani kupewa eneo la kutawala, kuoa, na kungoja.

Hakungoja. Akashuka kwa wafanyabiashara.

Hapa yatupasa kueleza hali ya mji ulivyokuwa. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi mwaka 1962, ulikuwa mji wa biashara kuliko kitu kingine chochote. Kahawa iliyolimwa milimani ilishuka hapo, ikapakiwa katika meli hadi Kigoma, na kutoka Kigoma ikapanda treni ya reli ya kati mpaka Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na gati yao. Bidhaa za ng'ambo zilirudi kwa njia ile ile. Maduka makubwa yalikuwa ya Wazungu, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwafrika alikuwa na genge la chumvi na ndagala, mafuta ya mawese, au cherehani moja barazani. Katika barabara za Buyenzi, zile zinazoitwa kwa namba, walikaa Waswahili: watu wa asili mbalimbali, wengi wao Waislamu, waliotoka Ujiji, Kongo na kwingineko, na ambao lugha yao ya sokoni na ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji waliwahesabu kuwa ni wageni wa mjini. Watu wa milimani nao hawakuwaona kuwa wenzao kamili.

Mchuuzi wa namna hiyo alikuwa amefungwa na mambo mawili. Kwa kuwa mtaji wake ni mdogo, alinunua kidogo kidogo kutoka kwa tajiri, kwa bei aliyopangiwa na tajiri. Na kwa kuwa hakuwa na mali ya kuweka rehani, benki haikumkopesha ili mtaji wake ukue. Angeweza kufanya kazi miaka thelathini bila kuvuka baraza la duka la mwingine. Wengi waliliona jambo hili kila siku na kulizoea. Rwagasore, ambaye halikumgusa mfukoni, hakulizoea. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi ili wachuuzi waunganishe fedha zao, wanunue kwa pamoja kwa bei ya jumla, na wasimame sokoni kama mtu mmoja mwenye nguvu badala ya mia walio dhaifu.

Ni jambo dogo ukilitazama kwa macho ya leo. Kwa wakati ule lilikuwa la ajabu: mwana wa Mwami, Mkatoliki aliyesomea Ulaya, akiwa na wauza chumvi wa Buyenzi, akizungumza nao juu ya hesabu na madeni. Sisi tunaamini ya kwamba siasa yake yote ilizaliwa hapo. Alikuwa amegundua kitu ambacho Astrida na Antwerp hazikumfundisha, nacho ni kwamba mtu anayepangiwa bei ya chumvi hawezi kuitwa huru hata akipewa bendera.

Ushirika ule haukufanikiwa. Tunalisema wazi kwa sababu waandishi wengi hulipita jambo hili haraka. Fedha zilipungua, madeni yakaongezeka, na usimamizi wa hesabu ulikuwa hafifu. Wabelgiji nao waliutazama kwa jicho la shaka tangu mwanzo, kwani walijua fika kwamba Mwafrika mwenye duka lake mwenyewe ataanza kuuliza maswali mengine. Rwagasore alihangaika huku na huko kutafuta msaada, hata nje ya nchi. Lakini wakati vitabu vya hesabu vilikuwa vikionyesha hasara, kitu kingine kilikuwa kimekwisha kukua: watu waliojifunza kukutana, kuchanga, kutuma ujumbe kutoka soko moja hadi jingine na kuaminiana. Watu hao walikuwa tayari kumfuata.

Chama cha UPRONA, yaani Umoja wa Maendeleo ya Taifa, kilipoanza kusikika mwaka 1958, yeye ndiye aliyekuwa moyo wake. Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukiunga mkono, na kwa njia yao chama kikawa na masikio hadi Kigoma na Tanganyika, ambako Julius Nyerere na TANU walikuwa mbele katika safari ile ile. Mwaka 1959 Rwagasore alipewa uchifu wa Butanyerera, upande wa kaskazini. Mwaka huo huo alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Kiti cha uchifu hakikumtuliza kama walivyotumaini wengine. Alikiacha, akarudi katika chama.

Mwaka 1960 ulikuwa mchungu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, ikaingia katika machafuko, na Wabelgiji waliobaki Usumbura wakaanza kumwona Rwagasore kuwa Lumumba wa pili. Gavana Jean-Paul Harroy hakuficha kwamba hakumtaka. Ikatolewa amri kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasishike nafasi za kisiasa, amri ambayo kila mtu alijua imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, alikamatwa akawekwa kizuizini Bururi, asiweze kuhutubia wala kuandika wito kwa wapigakura wake. Chama cha PDC, kilichopendwa na watawala na kuongozwa na wana wa Chifu Pierre Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, kilipata viti 942. UPRONA kilipata 545.

Wapo watu ambao kushindwa namna hiyo kungewapa sababu ya kuchukua silaha, na wafuasi wake baadhi hawakukosa hasira ya kutosha. Nchi jirani ya Rwanda ilikuwa imetoa mfano wa kutisha tangu Novemba 1959: nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia Burundi. Rwagasore alichagua kuzunguka. Alipoachiliwa mwezi Desemba 1960 alirudi kwa watu, mlima kwa mlima na soko kwa soko. Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa umeikabidhi Ubelgiji udhamini wa nchi hii, ulidai uchaguzi mpya wa haki chini ya macho ya wajumbe wake, na amri ya kumzuia ikaondolewa.

Tarehe 18 Septemba 1961 wananchi walipiga kura. Kati ya viti 64 vya Bunge, UPRONA kilitwaa 58. Chama kilichoshindwa miezi kumi kabla kilikuwa kimeichukua nchi karibu yote, na kati ya waliochaguliwa walikuwemo Wahutu, Watutsi na Baganwa wa ukoo wa kifalme.

Askari na polisi wanaosoma ukurasa huu tunawaomba wasimame kidogo hapa. Katika hotuba yake ya ushindi Rwagasore hakuwaita wafuasi wake kusherehekea kushindwa kwa mahasimu wao. Aliuita ushindi ule kuwa ni wa utaratibu, nidhamu na utulivu wa wananchi wote, zaidi ya kuwa wa chama. Akaahidi kwamba walioshindwa hawataguswa, na akawataka raia waipime serikali yake kwa matendo. Aliyasema hayo mtu aliyekuwa ametoka kizuizini mwaka uliotangulia. Kwa maoni yetu hilo ni tendo kubwa kuliko vile viti 58, kwani kushinda kura kwaweza kutokana na bidii na bahati, lakini kuuzuia mkono wa mshindi kunahitaji mtu aliyekwisha kuifikiria nchi yake jinsi itakavyokuwa kesho yake asubuhi.

Mwishoni mwa Septemba akawa Waziri Mkuu, akiwa na umri wa miaka 29. Alikaa katika kiti hicho majuma mawili tu.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula barazani katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa, pamoja na wenzake. Risasi ilitoka gizani ikamwua. Nchi ilikuwa na madaraka ya ndani tu, na Ubelgiji bado ndiyo iliyokuwa na dhamana ya ulinzi. Kwa hiyo swali la nani alijua nini, na nani angeweza kuzuia, limewafuata Wabelgiji hadi leo, na mwaka 2018 Serikali ya Burundi iliwashutumu rasmi. Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikamatwa katika siku chache, na nyuma yake wakaonekana viongozi wa PDC. Yeye hukumu yake ya kifo ilitekelezwa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano, wakiwemo Ntidendereza na Biroli, walihukumiwa upya na kunyongwa hadharani Gitega tarehe 15 Januari 1963, katika mji ule ule alikozaliwa waliyemwua.

Tukubali pia kwamba alijenga mengi juu ya mabega yake mwenyewe. Ushirika ulimtegemea yeye, chama kilimtegemea yeye, na alipoanguka hakuwepo mtu mmoja ambaye wote wangemtii. Shemeji yake André Muhirwa alishika uwaziri mkuu, Paul Mirerekano akadai uongozi wa chama, na ugomvi wao ukachukua sura ya ukabila ambayo Rwagasore alijitahidi kuizuia. Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa katika serikali yake, aliuawa kwa risasi Januari 1965 akiwa Waziri Mkuu. Mirerekano naye aliuawa mwaka huo huo. Yaliyofuata yanajulikana kwa kila familia ya nchi hii, zikiwemo familia za askari, na ilichukua hadi Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 kabla ya watu wa makabila yote kukubaliana kuwa na jeshi moja.

Ufalme uliondolewa mwaka 1966. Mdogo wake, Charles Ndizeye, aliyetawala kwa muda mfupi kwa jina la Ntare wa Tano, aliuawa Gitega mwezi Aprili 1972. Baba yao, Mwami Mwambutsa, alifariki uhamishoni Uswisi mwaka 1977, akazikwa huko huko. Rwagasore yupo Vugizo, na kutoka hapo, hewa ikiwa safi baada ya mvua, barabara za Buyenzi huonekana moja moja hadi karibu na maji.