William Morris: Tajiri Aliyetia Mikono Yake Katika Nili

Marehemu mama yangu alikuwa msukaji wa misala. Aliuchemsha ukindu uani kwetu, Mji wa Kale, katika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, na rangi aliyoitumia ilikuwa ile ya unga inayouzwa dukani kwa vijiko. Kila mara alinung'unika. Alisema nyekundu ya dukani ina haraka ya kuja na haraka ya kwenda. Na ndivyo ilivyokuwa: mtu akitoka kutawadha, miguu ingali na maji, akasimama juu ya msala mpya, akiinuka nyayo zake zina wekundu na pindo la kanzu lina doa. Mama aliona haya kana kwamba kosa ni lake, na mwenye duka hakuona haya hata kidogo.

Nilimkumbuka siku niliposoma habari za Bw. William Morris, Mwingereza aliyekuwa na ugomvi huo huo na rangi za dukani, ila yeye alikuwa na fedha za kuufuata ugomvi wake mpaka mwisho. Wako wanaomjua kwa mashairi, wengine kwa siasa zake, na wengi zaidi kwa zile karatasi za maua zinazobandikwa ukutani. Leo nitayapita hayo mbio mbio. Nataka kuzungumza juu ya sufu, kwa sababu sufu ndiyo iliyomfikisha kwenye kazi ya Muislamu mmoja fundi, ambaye kwake Bw. Morris, kwa sifa zake zote, alikuwa mwanafunzi tu.

Alizaliwa tarehe 24 Machi, 1834, huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mtu wa shughuli za fedha, na hisa zake katika machimbo ya shaba ya Devon ziliitajirisha nyumba yao. Nayataja machimbo hayo kwa makusudi. Baadaye yalitoa sumu ya aseniki kwa wingi, na kijana huyu aliyepata kuwa adui wa viwanda vichafu alikula faida yake, hata akakaa katika halmashauri ya wakurugenzi mpaka mwaka 1875. Mimi simlaumu sana, lakini haifai kulifunika.

Alikwenda Oxford mwaka 1853 akiwa na nia ya kuwa kasisi. Akaiacha nia hiyo, akajaribu ujenzi wa majumba, akajaribu kuchora picha. Mwaka 1859 alimwoa Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa Oxford. Wakahamia nyumba mpya ya matofali mekundu huko Bexleyheath, na hapo ndipo kazi ya sufu ilipoanza kuota mizizi. Alikuwa amekwisha kujifundisha kudarizi kwa njia ambayo mafundi wetu wa kofia wanaijua vizuri: alichukua darizi za kale, akazifumua polepole aone sindano imepita wapi, kisha akajaribu mwenyewe. Aliyoyajua akamfundisha mkewe. Siku moja Jane aliona dukani kitambaa cha sufu cha buluu, kitambaa rahisi tu, akakichukua nyumbani. Mumewe akachora maua juu yake, nao wakayadarizi kwa nyuzi za sufu. Pazia hilo lipo hata leo katika nyumba yao ya Kelmscott. Binti yao May, aliyezaliwa mwaka 1862, alimpita mama yake kwa sindano, na mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alikabidhiwa idara nzima ya darizi katika kampuni ya baba yake. Kazi nyingi zilizosifiwa kuwa za Morris zilitoka mikononi mwa wanawake hawa.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Morris na rafiki zake mwaka 1861, na tangu 1875 ikawa yake peke yake. Ugomvi wa rangi ulipamba moto mwaka huo huo. Yampasa msomaji ajue kwamba mnamo 1856 kijana mmoja wa Kiingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Baada yake zikafuata nyekundu, kijani na nyinginezo, zote rahisi, zote kali machoni. Katika muda wa miaka ishirini, ufundi wa rangi uliorithiwa na watu tangu enzi za kale ulikuwa karibu kufutika Uingereza. Morris alizichukia rangi hizo. Zilikuwa na kelele zikiwa mpya, na zilipochujuka zilichujuka vibaya, tofauti na rangi ya mmea ambayo huzeeka kwa heshima.

Basi alifanya jambo ambalo matajiri hawalifanyi. Alikwenda Leek, mji wa viwanda katika jimbo la Staffordshire, kwa mtu aitwaye Thomas Wardle, akavaa viatu vya mbao na shati la kazi, akaingia chumba cha kutilia rangi pamoja na vibarua. Tangu 1875 hata 1877 alikuwa akienda na kurudi. Alifukua vitabu vikuukuu kutafuta ilmu iliyopotea. Nyekundu aliitoa katika mizizi ya mmea na katika wadudu wanaokaushwa na kusagwa, manjano katika majani na vijiti, hudhurungi katika mjozi. Shabu, ile ile tuijuayo sisi, ndiyo iliyosaidia rangi kuishika sufu.

Lakini iliyomtesa na kumfurahisha kupita zote ni nili. Nili ina tabia ya ajabu. Haiyeyuki katika maji matupu. Lazima ichachushwe pipani mpaka maji yake yawe kama ya manjano na kijani, na pipa likiharibika kazi ya siku nyingi hupotea. Sufu hutumbukizwa humo, na inapotolewa huwa ya kijani kijani, kisha upepo ukiipiga hugeuka buluu mbele ya macho ya mtu. Morris aliingiza mikono yake humo hata viwiko, na rangi haikutoka kwa kunawa. Akaenda kwenye karamu za wakubwa wa London na mikono ya buluu. Najua mama yangu angemwelewa. Yeye vidole vyake vilikuwa vyekundu hata siku ya Idi.

Kutoka rangi akaingia katika kufuma. Mwaka 1878 alichukua nyumba Hammersmith, kando ya mto Thames, na katika banda la magari ya farasi akasimamisha vitanda vya mfumi vya kufumia mazulia, akaweka wanawake wafanye kazi. Mazulia hayo yalitiwa alama ya nyundo, herufi M na mawimbi ya mto. Chumbani mwake mwenyewe, mahali pa kulala, aliweka kitanda kingine cha mfumi, akajifundisha kufuma picha za sufu kwa kufuata kitabu cha zamani cha Kifaransa. Mwaka 1879, kati ya Mei na Septemba, aliamka alfajiri akafuma pazia moja la majani na mizabibu, akiandika kila saa aliyoitumia. Hesabu ilizidi saa 516. Mwaka 1881 alihamishia kazi Merton Abbey, penye mto Wandle, ambao maji yake yalifaa sana kwa rangi.

Tena yako mambo mawili ambayo sipendi kuyaficha. La kwanza, wafumaji wa picha hizo Merton walikuwa wavulana, kwa kuwa vidole vyao ni vyembamba na vyepesi. Na bidhaa zilizotoka hapo hakuzinunua mtu maskini. Tangu 1883 Morris alikuwa msoshalisti, akisimama njiani kuwahutubia vibarua kwamba kazi nzuri na vitu vizuri ni haki ya kila mtu, kisha jioni akirejea kuwapambia mabwanyenye sebule zao. Aliujua mkanganyiko huo, ukamchoma, wala hakuupatia dawa. Kitu kilichofanywa kwa mkono, kwa rangi ya kweli na ujira wa haki, lazima kiwe ghali. Mama naye alilijua hilo kila wanunuzi walipomkalia kitako kuteremsha bei ya msala wa majuma matatu.

La pili lawahusu zaidi wasomaji wa upande wetu. Mwaka 1876, watu walipouawa Bulgaria, Morris alijiunga na waliompinga Sultani wa Uturuki na waliokataa Uingereza isipigane upande wake dhidi ya Urusi. Hakuwa rafiki wa dola ya Kiislamu. Hata hivyo, fundo alilolitumia katika mazulia yake ni fundo la Kituruki, na katika chumba chake cha kulia Hammersmith alitundika zulia kubwa la Kiajemi ukutani, likapanda hata kuikunjia dari. Kwa Morris, Waajemi ndio waliokuwa mabwana wa usanifu wa mapambo. Alisikitika pia kuona wafanyabiashara wa Ulaya wanawaharakisha mafundi wa mashariki na kuwaletea rangi mbaya, hata kazi yao wenyewe ikaanza kuoza.

Sasa nifike kwenye zulia lenyewe. Huko Ardabil, kaskazini-magharibi ya Iran, pana ziara ya Sheikh Safi al-Din, mkuu wa tarika aliyefariki mwaka 1334, ambaye wajukuu zake ndio walioitawala Iran kwa jina la Masafawi. Wanavyuoni wengi husema hata neno sufi limetokana na sufu, vazi la watu walioipa dunia kisogo, na katika ziara hiyo sufu ilipata heshima yake. Yalifumwa mazulia mawili yanayofanana. Mtande na mshindio ni hariri, lakini uso wa zulia, pale mguu unapokanyaga, ni sufu ya rangi kumi, iliyotiwa nili, maganda ya komamanga na vinginevyo vya asili. Kila inchi moja ya mraba ina mafundo zaidi ya 300, na zulia lina urefu wa mita kumi na nusu. Kati pana duara kama jua, na huku na huku zinaning'inia taa mbili. Juu, katika kijisanduku kidogo, fundi amelitia jina lake kwa unyenyekevu wa mtumishi: Maqsud Kashani, mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540.

Karibu na mwaka 1890 ziara ilikuwa na haja ya fedha za matengenezo, na mazulia yakauzwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliyakuta yamechakaa. Wakalikata moja kulikamilisha jingine. Lile lililokatwa, bila ya mapindo yake, limefika Los Angeles. Hili zima lilionyeshwa London mwaka 1892, na makumbusho ya South Kensington yakasita kwa ajili ya bei. Morris alikuwa mshauri wao. Alikwenda, akalitazama, akawaandikia kwamba halina mfano kwa usahihi wa mpango wake. Mwezi Machi 1893 likanunuliwa kwa pauni 2,000, sehemu ya fedha zikitolewa na watu binafsi. Mnunuzi alisifiwa, mshauri alisifiwa. Zulia lakini lilifumwa kwa ajili ya ziara, na mwenzake alichanwa ili hili lipendeze sokoni. Sijaona popote kwamba Morris alilia juu ya hilo.

Alifariki nyumbani kwake Hammersmith tarehe 3 Oktoba, 1896, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa Kelmscott. Jeneza lake lilichukuliwa kwa gari la shamba lililopambwa majani.

Miaka michache iliyopita nilijaliwa kufika London, nikaenda kwenye makumbusho hayo, ambayo sasa huitwa Victoria na Albert. Tangu 2006 zulia limelazwa sakafuni ndani ya chumba cha kioo, na ili mwanga usiile rangi yake, taa huwashwa kwa dakika kumi tu kila nusu saa. Nilifika zikiwa zimezimwa. Nilisimama katika ule ukungu pamoja na mzee mmoja na wajukuu zake, tukingoja kama watu wangojao mwandamo. Taa zikawaka. Buluu ile ilikuwa nzito kama bahari ya nje ya mwamba, na nyekundu ilikuwa bado ipo.

Nikavitazama vidole vyangu, sijui kwa nini.