Jules Cornet, muzungu aliyeandika udongo wa Katanga

Tukizungumza juu ya madini ya inchi yetu, mara nyingi tunataja kompani na wanasiasa. Leo tumutaje mtu wa masomo: Jules Cornet, mujeoloji wa Ubelgiji.

Alizaliwa mwaka 1865, akasoma sayansi kwenye chuo kikuu cha Gent. Mwaka 1891, akiwa na miaka 26, aliingia katika msafara wa kapiteni Lucien Bia na Émile Francqui, uliotumwa na Kompani ya Katanga. Wakati ule Kongo ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold II, naye alitaka kushika Katanga mbele Waingereza hawajaikamata.

Walifika Bunkeya mwanzoni mwa 1892, wiki chache baada ya mfalme Msiri kuuawa na watu wa msafara mwingine. Njaa ilikuwa kali, wabeba mizigo wengi walikufa njiani. Bia pia alikufa mwaka ule ule, Francqui akashika uongozi.

Katika taabu hiyo, Cornet aliendelea kupima milima, kukusanya mawe na kuandika. Upande wa Kambove na Likasi aliona shaba nyingi. Lakini si yeye aliyeivumbua. Wenyeji walikuwa wakiichimba na kuiyeyusha tangu zamani, na misalaba yao ya shaba ilitumika kama pesa mpaka mbali. Kazi ya Cornet ilikuwa kuonyesha kwa maandishi wapi madini iko na katika mawe ya namna gani.

Alirudi Ubelgiji mwaka 1893, akawa mwalimu kwenye shule ya migodi ya Mons mpaka sifa yake ikaenea. Alikufa mwaka 1929. Kuna madini ya shaba ya rangi ya buluu inayoitwa kornetiti kwa jina lake.

Matunda ya kazi yake yalichelewa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, treni ikafika Lubumbashi mwaka 1910, shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911. Mwaka 1930, maporomoko ya Lufira pale Mwadingusha, yaliyokuwa yamepewa jina la Cornet, yakaanza kutoa umeme kwa migodi na viwanda.

Tuhesabu: kutoka daftari mpaka tanuru, karibu miaka 20. Mpaka umeme, karibu 40. Kwetu muhula wa rais ni miaka 5. Utafiti wa udongo na wa maji unaomba mupango unaopita serikali moja, na pesa isiyokatwa kila uchaguzi.

Tena, karatasi nyingi za zamani juu ya udongo wetu zinalindwa mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Ndiyo maana kazi ya wajeoloji wa serikali yetu isionekane kama anasa. Sisi wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika tunaona kila siku magunia yakipita. Asiyejua kilicho ndani ya shamba lake, mnunuzi njo anamupangia bei.