Gustave Eiffel, Fundi Aliyepima Upepo

Watoto, mmekwisha kuona jinsi dhoruba inavyokuja. Upepo hutangulia, na mabati ya nyumba huanza kupiga kelele. Mara nyingine paa zima hung'oka na kuanguka mbali. Je, upepo umelisukuma ao umelivuta? Sikilizeni habari za mtu aliyelitafuta jibu hilo.

Gustave Eiffel alizaliwa mwaka 1832 katika mji wa Dijon, nchi ya Ufaransa. Mama yake alifanya biashara ya makaa. Gustave alisoma katika shule kubwa ya Paris, kisha akawa fundi wa madaraja ya chuma.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Mwaka 1879, katika nchi ya Scotland, dhoruba iliangusha daraja la mto Tay usiku, treni ikiwa juu yake. Watu wote waliokuwamo walikufa. Waliolijenga hawakuhesabu vema nguvu za upepo. Mafundi wote wa Ulaya walishtuka.

Eiffel alikuwa mwangalifu. Karibu na mji wa Nice alitengeneza paa la nyumba ya kutazamia nyota. Paa hilo lilikuwa kuba, ndiyo kusema la mviringo kama nusu ya chungwa, na upana wake ulipita metre 20. Alilifanya lielee juu ya maji, hata likazunguka kwa nguvu kidogo tu.

Toka mwaka 1887 hata 1889 alijenga katika Paris mnara wa chuma wenye metre 300. Majirani waliogopa ya kuwa utaangukia nyumba zao. Lakini Eiffel alipanua miguu yake, akaacha nafasi katikati ya vyuma ili upepo upite. Mnara haukuanguka.

Baadaye alipatwa na taabu. Kampuni iliyochimba mfereji wa Panama ilifilisika, naye alikuwa amefanya kazi kwake. Mwaka 1893 alihukumiwa kifungo. Mwaka ule ule mahakama ya juu ilifuta hukumu, lakini aibu ilimwumiza. Umri wake ulikuwa miaka 60. Angeweza kukaa tu nyumbani. Hakukaa, alianza kujifunza upepo.

Vyombo vilivyowekwa juu ya mnara vilikuwa vimeonyesha ya kuwa kule upepo ni wenye mbio mara tatu kuliko karibu na chini. Kwa sababu gani? Chini, nyumba na miti huuzuia. Lakini nyumba jirani si kinga siku zote. Upepo ukibanwa katikati ya nyumba mbili huongeza mbio, kama mto unaopita mahali pembamba.

Eiffel aliangusha mabamba ya namna nyingi toka metre 115 juu ya mnara, akapima jinsi hewa inavyoyazuia. Mwaka 1909 alijenga chini ya mnara chumba chenye feni kubwa ya kuleta upepo. Ndani yake aliweka mifano midogo ya mabawa ya ndege, na ya nyumba kubwa za kutunzia baluni. Alipima mahali kwa mahali, akaona jambo la ajabu: bawa huinuliwa zaidi na upepo unaolivuta kwa juu kuliko ule unaolisukuma kwa chini.

Ndivyo ilivyo kwa kuba pia. Upande unaokutana na upepo husukumwa, lakini kilele huvutwa juu. Jaribuni wenyewe: shikeni ncha ya karatasi nyembamba karibu na mdomo, ncha ya pili ikiinama, mkapulize juu yake. Karatasi itainuka! Kwa hiyo fundi mwenye akili hatoshewi na kuta zenye nguvu; hufunga paa imara kwenye kuta, na kuta kwenye msingi.

Mnara wenyewe ulipangwa kubomolewa baada ya miaka 20. Lakini kwa sababu ulifaa kwa kazi za elimu na kwa kupeleka habari bila waya, uliachwa usimame.

Eiffel alikufa mwaka 1923, mwenye miaka 91. Watoto, Mungu ametupa akili ili tuitumie kwa faida ya wenzetu. Anayepima kwanza kabla ya kujenga huokoa watu ambao hatawajua kamwe.