Röntgen na Picha ya Mifupa

Mtu wa Newala akianguka kutoka juu ya mwembe na kuumia mguu, hupelekwa hospitali. Huko daktari humwandikia picha. Mgonjwa hulazwa juu ya meza na kuambiwa atulie. Baadaye daktari huitazama picha na kuona mfupa umevunjika wapi. Hakumpasua mgonjwa hata kidogo. Picha hiyo tunaiita eksirei. Mtu aliyegundua njia hiyo ni Wilhelm Röntgen wa Ujerumani. Jina lake hutamkwa Rentgeni.

1. Kijana aliyefukuzwa shule

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji wa Lennep. Baba yake alifanya biashara ya nguo. Röntgen alipokuwa na miaka mitatu, wazazi wake walihamia Uholanzi, naye akakulia huko.

Siku moja shuleni, mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen alitakiwa amtaje mchoraji. Alikataa kumtaja mwenzake. Basi akafukuzwa yeye, akakosa cheti.

Hakukata tamaa. Alipata habari kwamba chuo kimoja mjini Zurich, nchini Uswisi, humpokea hata mtu asiye na cheti akionyesha uwezo. Alianza masomo huko mwaka 1865. Mwaka 1869 alipata shahada ya juu. Baadaye akawa profesa wa fizikia, yaani elimu ya mwanga, joto, umeme na nguvu.

2. Miale isiyoonekana

Tarehe 8 Novemba 1895, Röntgen alikuwa katika chumba chake cha kazi mjini Würzburg. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nene nyeusi. Chumba kilikuwa giza. Mara aliona kibao kilichopakwa dawa kinang'aa pembeni. Alizima umeme, kibao kikaacha kung'aa. Akawasha tena, kikang'aa.

Mwanga wa kawaida haupiti katika karatasi nyeusi. Basi palikuwa na kitu kingine kinachopita. Kwa wiki kadhaa Röntgen alijifungia humo, akila na kulala humo humo. Alijaribu kitabu, miale ikapita. Alijaribu ubao, ikapita. Alijaribu madini ya risasi, ikazuiliwa. Alipoweka mkono, aliona kivuli cha mifupa!

Katika hesabu, herufi X husimama mahali pa namba isiyojulikana. Kwa kuwa hakujua miale hii ni nini, aliiita miale ya X. Herufi hiyo haimo katika alfabeti ya Kiswahili, nasi tukaandika eksirei.

Tarehe 22 Desemba 1895 alimwomba mkewe, Bertha, aweke mkono apigwe picha. Ilitokea mifupa ya vidole, na pete yake ya ndoa. Inasemekana Bertha aliogopa sana, kana kwamba ameona kifo chake.

3. Picha husomwaje?

Usiku, weka mkono mbele ya kibatari. Kivuli cha mkono kitaonekana ukutani. Eksirei nayo ni kivuli, ila ni kivuli cha vitu vya ndani.

Mfupa huzuia miale mingi, hivyo huonekana mweupe. Mapafu yana hewa, miale hupita, hivyo huonekana meusi. Mstari mweusi ukikata mfupa mweupe, huenda mfupa umevunjika. Mtoto akimeza shilingi, itaonekana kama duara jeupe. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa avue mkufu, ili usifunike mahali panapotafutwa.

Madoa meupe katika pafu yaweza kuwa nimonia au kifua kikuu. Lakini picha peke yake haitoshi kuthibitisha kifua kikuu. Makohozi nayo yapimwe.

4. Hakutaka kujitajirisha

Mwaka 1896 habari hizi zilienea duniani. Röntgen angeweza kudai malipo kwa kila mashine. Hakudai. Aliona kwamba uvumbuzi huo ni wa watu wote. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Fedha zake alikipa chuo kikuu cha Würzburg.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, fedha ya Ujerumani ilipoteza thamani, na akiba yake ikayeyuka. Mkewe alifariki mwaka 1919. Yeye alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923, kwa kansa ya utumbo.

Lakini kazi yake ilienea, maana hakumfungia mtu njia. Imefika hata Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde.

5. Tuitumie kwa akili

Mwanzoni watu hawakujua hatari ya miale hii. Baadhi ya waliofanya kazi nayo kila siku bila kinga waliungua ngozi, wakakatwa vidole, na wengine wakafa kwa kansa. Siku hizi hutumika miale kidogo, na mpigaji picha hujikinga. Mama mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, aseme kabla ya kupigwa picha.

Ndugu msomaji, picha uliyoandikiwa na daktari usiikimbie. Mfupa uliovunjika ukiachwa, waweza kuunga kombo. Mtu aliyekuwa akilima na kupalilia mikorosho yake akabaki kilema. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe mapema.

Maswali

1. Kwa nini Röntgen alifukuzwa shule? Wewe ungefanyaje?
2. Kwa nini mfupa huonekana mweupe katika picha?
3. Kijijini kwenu, mtu akivunjika mguu hupelekwa wapi kwanza? Jadilini.